Saa ya Ng'ambo

Mama yangu hajui tarehe niliyozaliwa, lakini anajua ulikuwa usiku ambao Nigeria walifungwa. Hapendi mpira. Mchezo ule anaukumbuka kwa sababu uchungu ulimwanza wakati wanaume wote wako kwa jirani mwenye redio kubwa, na mtoto aliyetumwa kuwaita alirudi na jibu kwamba wanakuja, kipindi cha pili kimeshaanza. Matokeo anayakumbuka baba mdogo: nne kwa moja, Denmark. Nyumbani kwetu Murusagamba hadithi hiyo imechekwa mpaka imechakaa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kuigeuza kuwa tarehe. Kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na hati zangu zote za shule, nimezaliwa tarehe 1 Julai 1998.

Nasoma shahada ya uzamili ya demografia hapa Dar es Salaam, kwa hiyo tarehe ya namna hiyo naitambua kwa mbali. Ni tarehe ya mwalimu. Mzazi anafika kuandikisha mtoto darasa la kwanza, anaulizwa siku ya kuzaliwa, anatazama juu, anasema "katikati ya mwaka", na mwalimu mwenye foleni ndefu anaandika 1 Julai. Akisema "mwanzoni mwa mwaka" anaandikiwa 1 Januari. Ukichora umri wa watu kwenye grafu unaona kitu kilekile: watu wamerundikana kwenye miaka 30, 40, 50, na kwenye 35 na 45, kama nchi nzima ilizaliwa kwa kukubaliana. Darasani tunafundishwa namna ya kuupima mrundikano huo na kuusawazisha. Hatufundishwi kuuonea huruma, ingawa mimi kila nikikutana nao namwona mtu anayetazama juu.

Dawa yake kazini ni kalenda ya matukio. Mdadisi haulizi "ulizaliwa lini?" bali "ulikuwa umeshazaliwa wakati wa lile jambo?" Kwa upande wetu wa Ngara na Biharamulo orodha hiyo ni nzito. Kuna Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kuna Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye na Warundi wakaanza kuvuka kuja kwetu. Kuna mwisho wa Aprili 1994, watu kama robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja. Kuna 21 Mei 1996, MV Bukoba. Na kuna mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizoondoka na madaraja na mashamba. Mimi ni mtoto wa mwisho wa El Niño. Huo ndio umri wangu wa kweli kwa jinsi unavyotamkwa nyumbani.

Nilianza kuitafuta tarehe yangu kwa sababu ya rafiki yangu anayetoka Chengdu. Alikuja kufundisha Kichina, tukafahamiana kwenye foleni ya chai, na baada ya miezi michache nikajua kwamba bibi yake alikuwa mtu wa kusoma herufi nane. Yeye mwenyewe anajifunza, anasema kwa kujifurahisha, ingawa anabeba daftari.

Watanzania tunaowajua Wachina kwa miaka ya wanyama tunadhani mambo yao yanaishia hapo: mwaka wa panya, mwaka wa nyoka. Kumbe mnyama ni herufi moja tu kati ya nane. Mtu ana nguzo nne: ya mwaka, ya mwezi, ya siku na ya saa aliyozaliwa. Kila nguzo ina herufi ya juu, ambayo ni moja ya mashina kumi ya mbingu, na ya chini, moja ya matawi kumi na mawili ya ardhi. Mashina na matawi yakizungushwa pamoja yanatoa jozi sitini, ndiyo maana mwaka wa mtu unarudi baada ya miaka 60. Na kila herufi ina asili yake kati ya tano: mti, moto, udongo, chuma, maji. Mti huzaa moto, moto huacha udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji, maji hulea mti. Halafu kuna kudhibitiana: maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti, mti huupenya udongo, udongo huzuia maji. Kusoma chati ni kuhesabu nani yupo, nani hayupo, nani amezidi, na nani amekaa karibu na nani.

Hili la kukaa karibu ndilo lililonivuta. Nyota za pwani nazijua juujuu. Nimekua na sauti ya Sheikh Yahya Hussein redioni mpaka alipofariki Mei 2011, na bweni letu la shahada ya kwanza alikuwepo msichana wa Tanga aliyemhesabia kila mtu nyota yake: unachukua thamani za herufi za jina lako kwa abjadi, unajumlisha na za jina la mama yako, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ni nyota. Huko asili ni nne, moto, udongo, upepo na maji, na nyota yako inapewa moja. Wewe ni maji, basi. Ya Wachina haikupi jina, inakupa mizani, na mizani inaweza kuegemea upande.

Rafiki yangu alianza na tarehe ya cheti. Aliangalia, akanung'unika, akasema hiyo chati haifanani na mimi hata kidogo. Nikamwambia ni tarehe ya mwalimu, nikamsimulia Nigeria. Alicheka, kisha akachukua simu. Dakika mbili zikatosha kupata kile ambacho ukoo mzima haukukitafuta kwa miaka ishirini na zaidi: Nigeria walicheza na Denmark Saint-Denis, Jumapili tarehe 28 Juni 1998, saa tatu usiku ya Ufaransa, yaani saa nne usiku ya kwetu. Kama mama alianza uchungu katika kipindi cha pili, na nikazaliwa asubuhi iliyofuata, basi nilizaliwa Jumatatu, 29 Juni. Siku mbili tu kabla ya mwalimu. Nilishangaa jinsi zilivyonigusa siku mbili hizo. Nimesahihisha umri wa maelfu ya watu kwenye kompyuta na sijawahi kuhisi chochote.

Mwaka wangu ukatoka udongo juu ya mti, chui milia. Mwezi ukatoka udongo juu ya moto. Siku ikatoka moto juu ya udongo. Shina la siku ndilo mtu mwenyewe, kwa hiyo mimi ni moto, lakini si moto wa jua. Kuna moto wa aina mbili, mkubwa na mdogo, na siku moja kabla ningekuwa mkubwa. Mimi ni ule mdogo, akasema, wa mshumaa, wa taa. Nikamwambia sisi tunaiita koroboi. Alipenda neno hilo, akaliandika kwenye daftari kwa herufi zake.

Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nina ndugu.

Nikasema ninao, watatu, wadogo zangu.

"Si hao," akasema. Kwa elimu yao, ndugu wa mtu ni asili inayofanana na yake. Matawi yana mashina yaliyofichwa ndani, na kwenye chati yangu kulikuwa na moto mdogo kama wangu, uleule, umefichwa ndani ya tawi la mwezi, na juu yake umelala udongo. Na tena ndani ya tawi la siku, ambalo lenyewe ni udongo. "Kuna ndugu yuko chini ya udongo," akasema, kwa Kiswahili chake kile cha polepole, bila kujua amesema nini.

Chuoni natumia jina la ubatizo. Hakuna anayejua kwamba nyumbani naitwa Butoyi. Kwetu, kama ng'ambo Burundi, watoto pacha huitwa Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo. Mtu anayeniita Butoyi anataja watu wawili, na mmoja wao hayupo. Hilo nimelijua tangu nilipoanza kujijua. Ninachokuwa sikijui ni kitu kingine chochote: alikuwa wa kike au wa kiume, aliishi muda gani, amelala wapi. Haikuwa siri. Ilikuwa kimya tu, na kimya ukikikuta nyumbani unakidhania ni sehemu ya fenicha.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Usiku ule, baada ya kuachana naye, nilifanya ninachofanya siku zote, nikapiga hesabu. Mwaka 1998 dunia ilikuwa inazaa zaidi ya watoto laki tatu kwa siku. Wote waliozaliwa siku ile wana moto ule uliofichwa chini ya udongo uleule. Wengi wao hawana ndugu aliyekufa, na wale walionao ni kwa sababu katika nchi maskini za mwaka 1998 watoto walikufa, si kwa sababu ya matawi. Augustino, ambaye tulisomewa sana kanisani bila kuambiwa kwamba alikuwa mbishi kiasi hicho, aliwabana wanajimu wa karne ya 5 kwa hoja ya pacha: Esau na Yakobo walitoka mmoja ameshika kisigino cha mwenzake, mbona maisha yao hayakufanana? Hoja hiyo sijaona ikijibiwa vizuri. Nayakubali haya yote. Pia siku ile nilikuwa nimeulizwa habari za Bukuru kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na aliyeniuliza ni karatasi.

Ikabaki saa.

Saa ya Kichina ni saa mbili zetu; siku ina vipande kumi na viwili. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja asubuhi ni kipande cha sungura. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu ni cha dragoni. Rafiki yangu alinionyesha kwa siku yangu vinatoa nini. Nikiwa wa sungura, nguzo ya saa inakuwa maji juu ya mti. Nikiwa wa dragoni, inakuwa mti juu ya udongo. Na hapo ndipo mizani yote ilipokuwa. Herufi sita za kwanza zilikuwa udongo mara tatu, moto mara mbili, mti mara moja. Hakuna chuma, hakuna tone la maji. Chati kavu. (Kukosa chuma hakukunisumbua. Wilaya yetu imelalia nikeli ya Kabanga na hakuna ninayemfahamu aliyewahi kuishika.) Lakini maji aliyasisitiza. Koroboi kwenye kiangazi, udongo umepasuka, kitu cha kwanza mtaalamu anachotafuta ni unyevu. Saa ya sungura ingenipa herufi moja ya maji, wazi, juu. Saa ya dragoni isingenipa, ila dragoni ni udongo wenye unyevu, ghala, na ndani yake kuna maji yamehifadhiwa.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, mimi nilizaliwa saa ngapi?"

Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Kumi na mbili na nusu," akasema. "Redio ilisema." Na akaniaga kwa haraka, kwamba anaitwa.

Sungura, basi. Lakini nilishazoea kazini kutokubali chanzo kimoja, nikampigia baba mdogo, ambaye usiku ule ndiye alimfuata mkunga wa jadi baada ya Nigeria kumalizwa. Akasema bila kusita: saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa na saa ya mkononi, ya kwanza kuinunua kwa pesa yake, na aliitazama kila dakika kumi. Dragoni. Saa nzima kati yao, nikajua sababu, au nilidhani naijua: mmoja ananisema mimi, mwingine anamsema Bukuru.

Ilichukua wiki kabla ya mama kupokea tena swali hilo, na safari hii alicheka. Redio yetu, akasema, ilikuwa ya Burundi. Yaani ilikuwa inashika Burundi vizuri kuliko Dar, kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa saa ya ng'ambo. Wote wawili walikuwa wananisema mimi, dakika ileile.

Msomaji aliyekulia mpakani ameshaelewa. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Sokoni mtu akikuahidi saa nne unamuuliza, ya Tanzania au ya ng'ambo? Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti hata kwenye ardhi yetu. Unapita karibu na Mogadishu. Murusagamba iko kwenye nyuzi 31 hivi. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo jua letu linachelewa saa ya serikali kwa karibu saa nzima. Kiswahili kinahesabu saa kuanzia macheo, na saa moja asubuhi ilipaswa kuwa saa ya kwanza ya jua kuwa juu. Kwetu mwezi Juni, saa moja ndiyo kwanza jua linachungulia. Watoto wanakwenda shule gizani kwa ajili ya Mogadishu. Redio ya Burundi, yenye saa iliyopangwa kwa nyuzi 30, ilikuwa inasema kweli ya jua letu karibu kwa dakika.

Nilipomweleza rafiki yangu alifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao. China yote, tangu 1949, inatumia saa ya Beijing, kuanzia bahari mpaka milima ya Xinjiang. Chengdu, kwa jua, iko nyuma ya saa hiyo kwa zaidi ya saa nzima, na bibi yake hakusoma chati ya mtu kabla hajaondoa tofauti hiyo. Waliozaliwa kiangazi cha miaka ya 1986 hadi 1991 waliondolewa na saa nyingine juu ya hiyo, kwa sababu China wakati huo ilikuwa ikisogeza saa mbele kila kiangazi. Herufi nane hazijali serikali, akasema. Zinauliza jua lilikuwa wapi.

Kwa hiyo nikawa na chati mbili. Kwa saa ya serikali mimi ni dragoni: udongo mara nne, moto mara mbili, mti mara mbili, maji ghalani. Kwa saa ya jua mimi ni sungura, na lile tone la maji liko juu, wazi. Nilidhani ya pili ndiyo nzuri. Rafiki yangu akatikisa kichwa. Kwa moto mdogo, maji ni mamlaka, yaani kazi, sheria, mume, na aina hii ya maji ina jina la kitaalamu la kutisha, mauaji saba. Ni tone juu ya koroboi. Linaweza kukupa nidhamu na linaweza kukuzima. Na kuna jambo lingine. Asili inayozaa asili yako ndiyo mama yako. Mama wa moto ni mti. Kwenye chati ya dragoni, herufi iliyosimama bega kwa bega na mimi ni mti mkubwa, na mti wa namna hiyo kwa moto wa namna yangu ndio mama halisi. Kwenye chati ya sungura herufi hiyo haipo. Mama anabaki kwenye mizizi ya nguzo ya mwaka, mbali.

Nilimuuliza kuhusu majira, kwa kuwa hapo elimu yao naona inachechemea. Wanasema mwezi wangu ni kilele cha moto, katikati ya kiangazi. Ndivyo ilivyo Chengdu. Murusagamba mwisho wa Juni mvua zimekatika, ni kweli, lakini asubuhi unavaa sweta na mdomo unatoa moshi. Akakiri kwamba wapo wataalamu wanaogeuza miezi kwa waliozaliwa kusini mwa ikweta na wapo wanaokataa kabisa. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini. Hatuna kiangazi chao wala majira yao ya baridi. Na mwaka ule, chati inaponitangaza mkavu, nchi nzima ilikuwa haijakauka kutokana na maji.

Nilikwenda nyumbani mwezi Juni. Nilikuwa na sababu ya masomo, madodoso ya majaribio yanayohusu uzazi, na niliona ni heri niende nayo. Mama alikuwa anaanika maharage uani. Nikakaa naye tukachambua. Sikuuliza. Siku ya tatu akaanza mwenyewe, macho kwenye ungo.

Alitoka kwanza yeye, akasema. Giza lilikuwa bado, koroboi inawaka. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Redio ilikuwa haijawashwa. Mkunga alimfunga kwenye khanga akamweka pembeni kwa sababu aliona kuna mwingine, na mimi nikachelewa. Nilipotoka jua lilikuwa limefika kwenye migomba na koroboi ilikuwa imekwisha mafuta. Bukuru hakunyonya vizuri. Siku ya nne alipoanza kuwa wa moto, baba na wenzake walitubeba wote watatu kwenye ingobyi kuelekea hospitali. Bondeni wakakuta daraja halipo. El Niño ilikuwa imelichukua tangu Aprili, na waliolijua hilo hawakuwa pale kusema. Maji yenyewe yalikuwa yameshapungua, lakini kingo zilikuwa zimeliwa, ingobyi haishukiki. Wakazunguka. Walipopata pa kuvukia, mama alikuwa anajua tayari, hakumwambia mtu, akaendelea kumfunika ili wasirudi nyuma, kwa sababu mimi nilikuwa bado nalia.

Nilifanya hesabu nikiwa nimeshika maharage. Siyo kwa makusudi. Kama Bukuru alitoka saa moja kabla yangu, basi kwa saa ya serikali yeye ni sungura na mimi dragoni. Tuko kwenye vipande viwili tofauti. Wapo Wachina wanaofanya hivyo kwa pacha wote, mdogo anasogezwa saa inayofuata ili wasigongane. Lakini kwa saa ya jua sote ni sungura. Herufi nane zilezile. Tofauti inayobaki ni kwamba kwa mwaka kama ule mwanamume anahesabiwa mbele na mwanamke anahesabiwa nyuma. Mimi nilirudi kwenye moto na mti. Yeye angeenda kwenye chuma, halafu kwenye maji. Wanakokotoa siku tatu kuwa mwaka mmoja mpaka mwezi unaofuata. Bahati yake ingeanza kabla hajatimiza miaka mitatu.

Nikamtolea mama zile karatasi. Nikamweleza kwa lugha ya nyumbani, ambayo ina maneno yote yaliyohitajika: mti, moto, udongo, chuma, maji. Alisikiliza kama anavyosikiliza padri mgeni.

"Na ya Bukuru iko wapi?"

"Ni hii. Ni moja."

Akaichukua, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Inasemaje?"

"Inasema tumekosa maji. Kwamba tunayahitaji."

"Maji gani tena?" akasema mama.

Sikuwa na la kujibu. Baadaye, jua lilipozidi, tulihamia kivulini na akaniuliza yale madodoso niliyoyabeba ni ya nini. Nikamwambia ni maswali tunayouliza wanawake: amezaa wangapi, wako wapi. Maswali hayo nimeyauliza kwa mamia ya wanawake wa mikoa mitatu, nikiwa nimekaa kwenye viti vyao, kwa sauti ile laini tuliyofundishwa. Akasema mbona yeye sijamuuliza.

Nikafungua ukurasa. Umri wake tukaupata kwa Vita vya Kagera. Tukafika kwenye watoto.

"Kuna mtoto uliyemzaa akiwa hai, hata kama aliishi siku chache tu, halafu akafariki?"

"Yupo."

"Alizaliwa peke yake au pacha?"

"Pacha."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume. Bukuru."

"Alifariki akiwa na umri gani?"

"Siku nne. Andika na saa."

Dodoso halina nafasi ya saa. Nikaandika pembeni, kwa penseli, kumi na moja na nusu alfajiri, ya ng'ambo.